Nyumba Aliyoijenga Mwalimu Léontine

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mwalimu Léontine alikuwa amewaagiza wanafunzi wake waandike walichokiona ndani ya nyumba, na kila mmoja wao, bila kuchunguliana, akaandika kwamba alisikia harufu ya udi ulioungua pamoja na manyoya mabichi. Léontine alizisoma karatasi zile kwa kusimama. Nyumba yenyewe haikuwepo popote duniani. Ilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta haitoi harufu.

Alikuwa Mrundi, mjane, aliyefika Sweden akiwa mkimbizi, na sasa alifundisha uandishi katika chuo kimoja cha watu wazima karibu na Skärholmen. Alipenda kujaribu mbinu mpya darasani. Majira yale ya baridi alikuwa amejifunza kujenga ulimwengu pepe: mwanafunzi anavaa miwani mizito inayofunika uso, na papo hapo anajikuta sebuleni mwa nyumba yenye kuta nyeupe, anatembea, anafungua makabati. Zoezi lilikuwa jepesi. Simama mbele ya mlango wowote, mwite mtu unayemkumbuka, sikiliza moyoni atakavyokujibu, kisha vua miwani uandike mazungumzo yenu. Kwenye mlango wa mbele aliandika kwa Kiswahili, kwa mapenzi tu: Karibu, nyumba ni yako.

"Mmeambiana kuhusu hii harufu?" aliwauliza.

Wakatikisa vichwa. Filip, kijana mpole aliyekaa karibu na dirisha, akasema, "Mwalimu, si umeiweka wewe? Inatoka kwenye ule mlango mwekundu."

Léontine hakuwa amejenga mlango mwekundu.

Alingoja wote waondoke. Ilikuwa saa kumi tu za alasiri, lakini jua la Desemba lilikwisha kuzama na madirisha yalikuwa meusi. Akavaa miwani. Akapita sebuleni, akaingia ukumbini, na kule mwisho, mahali alipokuwa ameweka ukuta mtupu, aliuona: mlango mwekundu, mbao zake zina unyevu kama zimetoka kulambwa. Harufu ikamjaa puani. Hakujua kilichomtuma, ila alifanya kama alivyowafundisha wengine. Akaita, "Vénant."

"Léo," sauti ya mumewe ikajibu nyuma ya mlango. "Mbona umechelewa hivyo?"

Hakuna mwingine aliyewahi kumwita Léo. Mtu mwenye akili zake angeivua miwani ile akakimbia. Léontine alikaa chini akalia, kisha akaongea naye mpaka mlinzi alipogonga akitaka kufunga chuo.

Tangu hapo akawa anabaki kila alasiri. Binti yake, Kelly, alianza kula peke yake nyumbani kwao, kule Hallunda. Léontine alisema ni kazi nyingi. Akakonda, akawa anasinzia mchana, na darasani aliharakisha masomo ili saa za giza zifike. Ule mlango hakumtajia mtu, wala hakuuondoa.

Siku moja zoezi lilipokwisha, wanafunzi wengine walivua miwani, Filip hakuvua. Alikuwa amesimama katikati ya darasa, mikono imening'inia, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Léontine akamgusa bega, akalikuta baridi kama chuma cha nje.

"Filip. Vua, mwanangu. Inatosha."

Kijana akageuza uso uliofunikwa akamwelekea, na sauti iliyomtoka kooni ilikuwa ya Vénant.

"Léo. Huyu ni mwembamba, hanitoshi. Njoo wewe."

Léontine akaing'oa ile miwani. Filip akaanguka. Alipozinduka hakukumbuka lolote, akachukuliwa hospitali, wakampima wakamwona mzima, wakamrudisha nyumbani Vällingby. Lakini hakula tena. Alikaa kitandani akiutazama ukuta, akitabasamu.

Siku ya tatu bibi yake Filip, mama wa mama yake, akaja chuoni. Bi Amne alikuwa mwanamke wa Tanga, mfupi, mwenye ushungi mweusi na koti kubwa la baridi, na mkobani alikuwa na marashi na msahafu. Alimsikiliza Léontine akimweleza habari za mlango mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mwanangu," akasema taratibu, "umejenga nyumba, hukuweka mtu, ukaandika karibu. Ulimtazamia nani?"

"Ni mume wangu, mama," Léontine akanong'ona. "Namjua."

"Mumeo mlikuwa mkisema lugha gani ndani?"

"Kirundi."

"Na huyo wa mlangoni?"

Léontine akapapasa rozari iliyokuwa shingoni. Alasiri zote zile, yule wa nyuma ya mlango alimsemesha Kiswahili. Hakuwahi kutamka neno hata moja la Kirundi.

"Mimi nitasoma," alisema Bi Amne, "lakini mwenye nyumba ndiye anayefukuza. Na rozari yako ishike. Soma dua zako, nami nisome zangu. Huyo zote anazijua."

Wakafunga mlango wa darasa. Nje theluji ilikuwa ikianguka gizani. Léontine akavaa miwani huku mkono wa Bi Amne ukimbana kiganja, akaisikia sauti ya kikongwe ikianza kusoma kwa chini, na alipoingia ukumbini akaona kwamba mlango mwekundu haukuwa umefungwa tena, ulikuwa wazi kiasi cha mtu kupitisha uso, na ndani ya ule ufa giza lilikuwa likipumua, likivuta na kutoa, likimpulizia udi na manyoya na kitu kingine kilichooza chini yake, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyosikia kucha zikikwaruza mbao upande wa pili, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Léo," ikasema. "Umemleta nani?"

Léontine akajibu kwa Kirundi. Akaiuliza jina la mama yake Vénant.

Kucha zikanyamaza.

"Léo wangu, usinitupe. Kule nilipo kuna baridi."

Akaiuliza tena, Kirundi kilekile, machozi yakimtiririka ndani ya miwani, maana sauti ilikuwa yake, ya mumewe, na alijua kwamba akisema linalofuata hataisikia tena maisha yake yote. Nyuma ya mlango pakatoka kicheko, na hakikuwa cha mtu mmoja.

"Toka," Léontine akasema. "Nyumba si yako. Mimi nimeijenga, mimi naivunja. Toka!"

Akavua miwani, akaenda kwenye kompyuta, akaifuta nyumba yote, kuta, makabati, milango. Taa za darasa zikafifia, zikarudi. Bi Amne akarashia marashi pembe zote za chumba, na kabla hajamaliza simu yake ikalia: Filip ameomba mkate na chai.

Léontine akarudia karatasi na kalamu darasani. Filip akarudi masomoni, mchangamfu kuliko zamani. Nyumbani Hallunda mama na mwana wakawa wanakula pamoja, na usoni pa Léontine pakaanza kurudi nyama.

Jumamosi moja, adhuhuri, Kelly alikuwa jikoni akikaanga mayai. Léontine alijaribu kuikumbuka sauti halisi ya marehemu, ile ya Kirundi, ya maisha yao, na hakuipata. Ilikuwa imefutika kabisa.

"Kelly," akauliza, "wewe unaikumbuka sauti ya baba yako?"

Mtoto akajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, bila kugeuka.

"Nakumbuka. Si ndiyo inayokutoka mdomoni wewe ukisinzia kwenye kochi?"

Léontine akashika ukingo wa meza.

"Huwa nasema nini?"

"Unaniomba nimfungulie baba dirisha la chumbani kwangu." Kelly akageuza yai. "Nilikuwa nakataa, kwa sababu ya baridi. Jana nilimfungulia."