Mfuko wa Jinzi ya Ombui

Kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, Nelvine na nyanya yake walikaa kibarazani kufumua jinzi kuukuu. Nyanya huyo, Kogo Rodah, alishona kwa cherehani ya mkono. Kazi ya Nelvine ilikuwa kukata mishono kwa wembe, kutoa zipu na kunyoosha vipande kwa pasi ya makaa. Jinzi zilitoka kwa majirani wa pale Litein: zilizochanika magotini, zilizowabana wenyewe, na nyingine zilizowashinda hata wauza mitumba. Vipande vilipounganishwa na kutiwa bitana, vilikuwa blanketi zito la viraka. Baridi ya Julai huku kwenye chai haina mchezo, na aliyewahi kulala chini ya blanketi la Kogo hakutaka lingine.

Muhula huo mwalimu wa Gredi ya Saba alimtaka kila mwanafunzi alete kitu kilichotengenezwa kwa vitu vya zamani. Maonyesho yangekuwa Ijumaa, na kazi bora ingepelekwa Kericho mjini.

"Blanketi hili ni lako," Kogo alimwambia Nelvine. "Mimi nitaangalia tu." Lakini kuangalia tu ni kazi ambayo Kogo hakuiweza kamwe.

Ilipofika Jumanne, kulibaki sehemu ya katikati peke yake. Vipande vyote vilikuwa vya buluu iliyokolea, naye Nelvine alitaka kitu cheupecheupe cha kuvutia macho. Ndipo alipoiona suruali ya jinzi ikining'inia kwenye ua karibu na shamba la chai. Ilikuwa imepauka vizuri mno. Magoti yalikuwa yametoboka, na utomvu wa chai ulikuwa umeacha madoa ya kahawia.

Alijua ni ya Ombui, aliyewachumia majani chai. Wachumaji wengi huacha nguo za kazi zikauke uani, kisha huenda nyumbani na nguo safi. Hata hivyo, alijiambia kwamba Ombui ameitupa. Ukikitaka kitu sana, ni rahisi kujiambia hivyo. Alichukua makasi, akaikata, na mfuko wa nyuma akaushona katikati kabisa ya blanketi.

Asubuhi yake Ombui alizunguka ua mzima.

"Nelvine, hujaona longi yangu ya kazi? Niliacha hapa kwa fensi."

"Sijaona, anko."

Uongo ulimtoka kabla hajafikiri. Baba yake, Weldon, alimtazama mbwa wao kwa hasira. "Hii itakuwa kazi ya Chui. Juzi alikula kiatu changu." Basi Chui akafungwa kamba kutwa nzima, maskini, bila hata kuulizwa.

Ombui aliingia shambani na suruali nyepesi. Chai ya upande ule ilikuwa imepogolewa mwaka uliopita, na vijiti vyake vilikuwa vigumu na vyenye ncha. Nelvine aliporudi kutoka shuleni, alimkuta Ombui akitua kikapu. Suruali ilikuwa imechanika na mapaja yametoka damu.

"Mzee, kesho sitaweza," Ombui alimwambia Weldon. "Hii ndio longi yangu ya kanisa. Acha ningoje siku ya soko nitafute ingine."

"Na majani je? Yakikomaa kiwanda hakitayachukua," Weldon alisema.

Usiku huo Nelvine aliona aibu, tena aibu kali. Alilichukua blanketi, akampelekea Kogo na kumweleza yote huku akilia.

Kogo aligusa uzi mwekundu pembeni mwa ule mfuko. "Huu uzi ni wangu. Mfuko wa Ombui ulipochanika mwaka jana, mimi ndiye niliyeushona."

"Kumbe ulijua?"

"Niliuona leo mchana. Nilikuwa nangoja uniambie."

"Nikifumua katikati, halitakuwa tayari Ijumaa."

"Halitakuwa," Kogo alikubali. Mara hiyo, kweli, aliangalia tu.

Nelvine alifumua. Suruali haingeweza kurudi ilivyokuwa, kwa hiyo alishona aproni ndefu ya kupita magoti. Aliunganisha vipande vya Ombui na jinzi nyingine nzito, akaweka tabaka mbili, na ndani akatia gunia la mbolea lililooshwa ili umande usipenye. Mfuko wenye uzi mwekundu aliuweka mbele.

Alhamisi jioni Nelvine alimweleza baba yake yote, naye akamsindikiza hadi nyumbani kwa Ombui.

"Anko, si Chui. Ni mimi. Niliikata, halafu nikakudanganya. Nisamehe."

Ombui aliipokea aproni na kuugusa mfuko wake. "Uliona nimeitupa?"

"Niliona imezeeka."

"Imezeeka, ndio. Lakini bado ilikuwa inanisaidia." Alijifunga aproni na kujipiga paja kwa kiganja. "Eh! Hapa kijiti kitapitia wapi? Mzee Weldon, kesho nakuja."

Siku ya maonyesho, blanketi la Nelvine lilikuwa na tundu katikati. Mwalimu alipouliza sababu, Nelvine aliieleza mbele ya wote, masikio yakimwaka moto. Kilichopelekwa Kericho kilikuwa kigoda cha matairi cha Kebaso, mwanafunzi mwenzake. Iliuma.

Aliporudi nyumbani, Chui alikuwa huru, naye Ombui alikuwa katikati ya chai na aproni yake. Alitoa hindi la kuchoma mfukoni, akalivunja na kumpa Nelvine nusu.

Kibarazani Kogo alikuwa ameshaweka kikapu cha jinzi. "Mjukuu wangu, kutumia vitu vya zamani ni kazi nzuri," alisema. "Lakini kitu hakiwi taka kwa sababu wewe umekiona kimechakaa. Kina mwenyewe, muulize kwanza. Na ukikosea, sema ukweli mapema, kabla mwingine hajaumia kwa ajili yako."

Nelvine alimpapasa Chui kichwani. Kisha akaitazama sketi ya jinzi iliyopauka aliyovaa nyanya yake.

"Kogo, sketi yako hiyo imezeeka?"

"Bado," Kogo alisema huku akicheka. "Lakini umeuliza. Ngoja nikabadilishe, nikuletee tuzibe lile tundu."