Ngoja Isiyorudi

Kama Kitinda angekuwa mvivu kama mimi, ripoti ile ingekaa kwenye foleni mpaka ioze, na nyumba yao isingepatwa na yaliyoipata. Lakini yule binti hajui uvivu. Ripoti iliingia saa nne asubuhi, akaifungua saa nne na dakika moja. Jina la aliyeiandika lilikuwa la kaka yake, na kaka yake walikuwa wamemzika miezi miwili nyuma.

Hebu nieleze kazi yao kwanza, maana hata mama aliyewazaa hakuielewa. Majirani wakimuuliza alikuwa anasema, "Wanangu wanatengeneza maneno ya mashine," kisha anabadilisha mazungumzo. Kila lugha ya kuandikia programu huja na maktaba yake ya msingi, yaani kapu la kazi ndogondogo zilizokwisha kuandikwa ili kila mtu asianze kutwanga upya: kupanga orodha, kusoma tarehe, kuhesabu muda. Watu wa pande zote za dunia hulitumia kapu hilo. Likitoboka mahali, huandika ripoti, na walinzi wachache wa kujitolea hulishona. Kaka mtu alikuwa mlinzi wa upande wa saa, ndiyo maana wenzake walimwita Fundi Saa. Alipoanza kuugua alimfundisha mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, na alipofariki kazi ikabaki kwa Kitinda.

Sasa, walinzi hao wana sheria moja, na Fundi Saa mwenyewe ndiye aliyeiandika: usibishane na ripoti. Fuata kwanza hatua za kuirudia hitilafu, zote, kama zilivyo, hata zikionekana za kijinga. Kuna mtu aliwahi kuripoti kwamba saa ya programu yake inachelewa kila akifunga mlango wa stoo. Wakamcheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe mlango ukifungwa joto linapanda, na mashine yake inapunguza mwendo. Tangu hapo hakuna aliyecheka tena. Ukifuata hatua na hitilafu ikatokea, unaandika neno moja: Imethibitishwa.

Ripoti yenyewe ilihusu kazi iitwayo ngoja. Ukiiambia ngoja sekunde tano, husimamisha programu sekunde tano, kisha inaandika "imerudi" na kuendelea. Ni kazi nyepesi, Fundi Saa aliiandika akiwa kijana na haikuwahi kuleta shida. Ripoti ilisema hivi:

"Ngoja hairudi. Hatua: keti kwenye kiti changu, mgongo kwa kitanda. Ikifika saa nane mchana, endesha ngoja ya sekunde tisini. Usigeuke. Andika ulichosikia. Matokeo yaliyotarajiwa: inarudi. Matokeo halisi: hairudi."

Kitinda alidhani kuna mhuni ameiba nywila ya marehemu. Akakasirika, akataka kuifuta, lakini ripoti kule hazifutwi, hufungwa tu, na hazifungwi bila kufuatwa. Akaangalia tena zile sekunde tisini, akazijua.

Chumba chao cha kazi kilikuwa na meza dirishani, na nyuma yake, karibu na mlango, kitanda. Fundi Saa ndiye aliyeomba kitanda kiletwe pale, alale akisikia vidole vya mdogo wake kwenye kibodi. Siku ya mwisho, saa nane mchana, aliita kwa sauti ndogo, "Kitinda, hebu njoo." Kitinda alikuwa na ripoti moja mkononi, imebaki kufungwa. Akajibu bila kugeuka, "Ngoja kidogo, kaka, namalizia." Akaimalizia. Alipogeuka, kaka yake alikuwa amekwisha kwenda. Mashine hutunza saa ya kila jambo, na kati ya lile jibu lake na kufungwa kwa ripoti zilikuwa zimepita sekunde tisini. Mama alipokuja mbio alimwambia, "Alilala tu, mama. Hakusema kitu." Uongo huo alikuwa akilala nao na kuamka nao, na hakuna binadamu aliyekuwa anaujua. Sasa umeandikwa.

Saa nane akaketi. Nje kulikuwa na jua kali, fundi viatu wa barazani akipiga nyundo zake, watoto wakitoka shule. Akaendesha ngoja. Sekunde zikapita, tisini zikafika, neno "imerudi" halikutokea. Nyundo ya fundi viatu ikanyamaza, na watoto nao. Halafu ikaja harufu ya ile dawa ya kuchua aliyokuwa akimpaka kaka yake kifuani, dawa ambayo chupa yake alikuwa ameitupa mwenyewe siku ya tatu ya msiba, na springi za kitanda zikalia polepole kama zinavyolia mtu mzito anapojiinua kwa kiwiko, na kandambili zikagusa sakafu, moja nyepesi na moja ya kuburuta, kwa sababu mguu wa kushoto wa Fundi Saa ulikuwa umekufa ganzi tangu mwaka wa kwanza wa ugonjwa, na nyuma ya shingo yake kabisa, pale nywele zinapoanzia, mtu akakohoa.

Hakugeuka. Akaandika: Imethibitishwa.

Mimi ningetoka mbio mpaka nje. Yeye alilia, na katika kulia kwake kulikuwa na furaha, nisimsingizie. Kesho yake chini ya ripoti kulikuwa na hatua mpya: "Acha mlango wazi, mama apate kusikia." Akaacha mlango wazi. Saa nane zile kandambili hazikuishia chumbani, zilitoka, zikaburuta ukumbini mpaka jikoni, na mama mtu akasikika akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umeamka, mwanangu? Nikupe uji?"

Kitinda akaandika mara ya pili: Imethibitishwa.

Basi mama akabadilika. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mwenye kumtania mpaka muuza mkaa. Sasa akawa mtu wa kunong'ona. Alipakua chakula chake akakipeleka kitandani, sahani ikarudi imejaa, imepoa, na yeye anasema ameshiba. Kwa siku sita hakula. Mashavu yalimbonyea, kucha zikaanza kugeuka rangi. Kitinda alimshika mkono akaukuta baridi.

"Mama, unamwona?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Namwona."

"Yukoje?"

"Amenipa mgongo. Kila nikizunguka upande wa pili, mgongo." Mama akatabasamu kidogo. "Lakini ni yeye. Mimi nisimjue mwanangu? Usimsumbue, Kitinda. Amechoka."

Kisha mama akakohoa, na kikohozi kile hakikuwa chake. Kilikuwa cha Fundi Saa, na kile kimluzi chake mwishoni. Kitinda akakimbilia mashine. Hatua mpya ilikuwa inamngoja: "Mlaze mama kitandani kwangu. Kisha ngoja."

Hapo ndipo alipomfuata Mkunga.

Mkunga alikuwa amestaafu kuzalisha, lakini bado watu walimwita kwa kutoa majini, na mwenyewe alisema hakuna tofauti kubwa, vyote vinatoka kwa kelele. Alimwangalia mama mtu aliyelala ukumbini, akampima mapigo ya mkono, uso ukakunjamana. Akaketi kwenye kiti cha Fundi Saa bila kuulizwa.

"Nisomee," alisema.

Kitinda akamsomea yote. Mkunga akasikiliza na mkono shavuni.

"Na wewe ukayafanya."

"Ndiyo kazi yetu, bibi. Tunafuata hatua."

"Mwanangu, miaka arobaini natoa majini. Sijaona jini linaloandika maelekezo ya njia yake na mwenye nyumba anayapigia saini." Akavuta pumzi. "Lile si kaka yako. Kaka yako angetaka mama yake alale kitanda cha kufia?"

Kitinda akatikisa kichwa.

"Jini haliingii bila kukubaliwa. Umelikubali mara mbili kwa maandishi. La tatu ni roho ya mama yako. Kwenu jambo likikubaliwa, hulikanaje?"

"Naweza kuifunga. Naandika 'Haijirudii', yaani nimefuata hatua zote na sikuona kitu." Akakitazama kitanda. "Lakini lazima nizifuate tena. Nikae pale, nimsikie, halafu niandike sikumsikia."

"Ndiyo."

"Nimkane kaka yangu."

"Ukane sauti yake. Najua, ni vilevile kwa moyo." Mkunga akamgusa goti. "Na kuna jambo. Majini hushika penye siri, kama kupe anavyotafuta kwapa. Umemficha nini mama yako?"

Kitinda akageuka kutazama ukumbini. Mkunga akanyanyuka, akasema atakaa barazani na fundi viatu, kwa kuwa mgeni akikana jini linamcheka tu; wanaokana ni wenye msiba.

Ilikuwa saa nane kasoro robo. Kitinda akapiga magoti kando ya mkeka wa mama yake.

"Mama. Siku ile kaka aliniita."

Mama akafumbua macho.

"Aliniita nikamwambia angoje. Nilikuwa na kazi. Nilimpa mgongo, mama. Alikufa akinitazama mgongo."

Akasema, polepole, kwa sauti yake ya zamani, "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa jikoni. Nilimsikia akikuita, na nilikusikia ukijibu. Nikasema, mwenzie yupo, ataenda. Mimi nilikuwa na sufuria motoni." Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, asiyafute. "Sufuria, Kitinda. Ningeiacha iungue, kulikuwa na nini?"

Wakashikana. Miezi miwili wameishi nyumba moja, kila mmoja amebeba gunia lake peke yake, kumbe gunia ni moja. Naona uchungu hata kusimulia.

Saa nane wakaketi wote wawili dirishani, migongo kwa kitanda, mkono wa mama ndani ya mkono wa Kitinda. Akaendesha ngoja. Tisini zikafika na kupita. Fundi viatu akanyamaza, harufu ya dawa ikajaa chumba mpaka ikawasha macho, springi zikalia, kandambili zikaanza kuja, nyepesi na ya kuburuta, nyepesi na ya kuburuta, zikasimama nyuma yao karibu kiasi kwamba Kitinda aliona kivuli kikipanda juu ya kibodi na juu ya mikono yao ingawa jua lilikuwa mbele yao, na sauti ikasema, si kwa vitisho, ikasema kwa unyonge uleule wa siku ile, "Kitinda, hebu njoo," kisha ikasema, "Mama, nakufa huku, hata wewe?" na shingo ya mama ikaanza kugeuka kidogo kidogo, na Kitinda akaubana ule mkono mpaka mifupa ikalia, akilia yeye mwenyewe bila sauti, akiandika kwa mkono mmoja, herufi moja moja, huku pumzi ya baridi ikimpuliza sikioni na kumuomba, sekunde moja tu, mdogo wangu, geuka sekunde moja tu.

Haijirudii.

Akafunga ripoti.

Kwenye kioo likatokea neno "imerudi". Nyundo ya fundi viatu ikaanza tena. Harufu ikaondoka. Mama akageuka, akatazama kitanda kitupu, shuka lake limenyooshwa, na akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi, kilio cha kumwita mtoto kwa jina la utotoni, mpaka Mkunga akaingia akamkumbatia na kumlisha uji kijiko kwa kijiko.

Mama akapona. Mwezi wa pili baada ya hapo akarudi kumtania muuza mkaa, ingawa utani wenyewe haukuwa na chumvi ya zamani. Kitanda wakakitoa. Kitinda akaendelea na kazi, na kila mchana alikuwa anaitazama ile ripoti iliyofungwa, basi tu, kama mtu anavyopita kaburini.

Siku moja aliikuta wazi.

Sheria ni kwamba mtu yeyote aliyefuata hatua na hitilafu ikamtokea anaweza kuifungua ripoti upya. Aliyeifungua alikuwa mgeni, mtu wa mbali, hajulikani. Alikuwa ameandika: "Kwangu imejirudia. Nilikaa kwenye kiti cha binti yangu. Nawaomba, ndugu zangu, msiirekebishe."

Kitinda akaandika haraka mpaka herufi zikapandana: "Acha. Usifuate ile hatua ya mlango. Huyo si binti yako. Nyumbani kwako kuna nani mwingine?"

Akangoja. Hakuna jibu. Akaandika tena, "Nijibu, tafadhali."

"Kitinda," mama akaita kutoka jikoni, "hebu njoo."

Akaacha kila kitu vilevile, akaenda mbio. Mama alitaka kushikiwa sufuria tu, aipue. Kitinda akaishika upande mmoja, mama upande wa pili, wakaitua chini pamoja, na Kitinda akasimama pale kidogo, amemwegemea mama yake begani, mama asiulize kwa nini.

Aliporudi mezani, mgeni alikuwa amekwisha kujibu: Imethibitishwa.