Waya wa Chumba cha Nyuma

"Umenikatia tena."

Mama Pacha alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma, vipokea sauti vikining'inia shingoni. Mumewe hakuinua macho. Alikuwa akichora ramani ya nyumba ya mteja kwenye kompyuta yake.

"Nimekata nini?"

"Mtandao. Daktari anamweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa, mimi katikati nawatafsiria, mara kimya. Nimebaki naongea na ukuta."

"Kwangu uko sawa."

"Kwako huwa uko sawa kila kwangu unapokufa, Baba Pacha."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote waliyosemezana kwa mdomo wiki ile. Tangu mapacha wao waende chuoni, mzee alikuwa amehamia chumba walichokiacha, hiki cha nyuma: kwanza na kompyuta, kisha na mto, mwisho na blanketi. Hapakuwa na ugomvi wa kutajika. Waliandikiana meseji, ukuta mmoja kati yao.

"Chai ipo mezani."

"Asante. Umeme umelipwa?"

"Umelipwa."

Hata mtandao uliingia kwa mtindo huohuo. Mama Pacha alitaka ruta, nyumba nzima ipate bila waya. Mumewe akarudi na swichi, kiboksi chenye matundu manane, akatandaza waya kila chumba na kusema, "Kila mtu na waya wake, kila mtu na chumba chake. Hakuna kusumbuana." Maneno hayo ya mwisho yalimkaa mkewe kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa alimnyooshea mumewe simu. Meseji ilitoka kwa msimamizi wake wa kazi: "Mama, ukikatika tena katikati ya mgonjwa, nitalazimika kutafuta mkalimani mwingine."

Baba Pacha aliisoma mara mbili. "Unadhani nafanya makusudi?"

"Si ulisema sauti za wagonjwa wangu zinakuchosha?"

"Nilisema. Sikusema nitakukatia."

"Haya. Mimi nakwenda kwa dada. Kule kuna mtandao wa kuaminika."

"Utakaa kwa muda gani?"

"Mbona wewe hukuniambia muda ulipohamisha mto?"

Akaenda chumbani, akaweka begi kitandani na kuanza kukunja nguo. Mumewe alimfuata hadi mlangoni, akapiga simu dukani huku ameiweka kwenye sauti kubwa, ili ushahidi usikike.

"Shikamoo, baba," alisema muuzaji, binti mwenye sauti ya haraka.

"Marahaba. Swichi yako ni mbovu."

"Pole. Umeichomeka kwenye ruta?"

"Nimeichomeka kwenye modemu, kile kifaa cha kampuni ya mtandao."

"Moja kwa moja? Baba, si nilikuuliza kama una ruta, ukanijibu umejenga nyumba za watu tangu sijazaliwa?"

Mama Pacha aliacha kukunja gauni.

"Modemu hiyo inatoa njia ya mashine moja tu," binti aliendelea. "Ruta ndiyo inayoipokea na kuwagawia wote. Swichi inaongeza matundu, basi. Kwa hiyo anayewahi anapata, mwenzake anakosa. Labda aliyekosa aizime modemu na kuiwasha, hapo anaweza kumpokonya mwenzake."

"Asante, binti yangu. Nitakuja kuchukua ruta."

Baba Pacha alikata simu.

"Huwa unaizima modemu?" mkewe aliuliza.

"Nikikosa mtandao. Naizima, naiwasha, unarudi. Nilidhani nautengeneza."

"Na mimi hufanya hivyohivyo."

"Ile siku ramani ya mteja ilipokwama nikiituma?"

"Nadhani ni mimi."

"Nilijua unanikomoa."

"Mimi nilijua ni wewe unayenikomoa. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungenijibu kwa meseji."

Mama Pacha alitaka kucheka, akajizuia. "Kwa nini ulitoka humu chumbani, baba?"

"Unaongea na watu mchana kutwa. Ukivua hivyo vidude vya masikioni huna neno lililobaki. Nikaona nikupishe upumzike."

"Nilikuwa nanyamaza nikingoja mtu mmoja aniulize mchana wangu umekwendaje."

Baba Pacha alivaa viatu, akaenda dukani, akarudi na ruta pamoja na yule binti aliyekuja kuifunga. Binti aliiweka sebuleni. Jikoni mtandao ukashika, chumbani ukashika. Chumba cha nyuma ukagoma.

"Kuta nene," binti alisema. "Nani kajenga nyumba hii?"

"Mimi," alijibu mzee.

"Basi usijali. Waya wako wa mwanzo upo. Nauchomeka hapa kwenye ruta, chumba cha nyuma nacho kitapata. Nichomeke?"

Mama Pacha alikuwa ameketi kitandani kando ya begi, mlango wazi. Alisikia kila neno. Angeweza kumjibia mumewe, lakini jibu hili halikuwa lake. Akaangalia mikono yake.

"Usichomeke," alisema Baba Pacha. "Uung'oe."

"Sasa baba utafanyia wapi kazi?"

"Hilo nakwenda kuomba."

Nyayo zake zilielekea chumba cha nyuma, zikakawia, zikarudi. Alisimama mlangoni, mto umebanwa kwapani kama mgeni aliyefika bila taarifa.

"Mchana wako umekwendaje, mke wangu?"

Mama Pacha alilishusha begi sakafuni, mumewe apate pa kukaa.

"Ni hadithi ndefu," alisema. "Funga mlango."