Vitunguu vya Maua vya Kamande

Kamande alikuwa dereva wa basi jijini London. Aliishi mtaa wa Queensbury na mkewe Serah, ambaye ni muuguzi, na binti yao Shiku, mwenye umri wa miaka kumi na minne. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na bustani. Lakini tuseme ukweli, ilikuwa bustani kwa jina tu. Ndani yake mlikuwa na nyasi ndefu, kiti kilichovunjika mguu, na baiskeli ya Shiku ya tangu akiwa na miaka sita.

Jumapili moja mwezi wa Septemba, simu ililia kutoka Nyeri. Aliyepiga ni mama yake Serah, Nyaguthii, mkulima anayejulikana kijiji kizima. Kabichi zake zilikuwa kubwa kama kichwa cha ndama.

"Visa imetoka," alisema. "Nitakuja Aprili."

Serah alipiga vigelegele. Kamande naye alifurahi, lakini kwa wasiwasi. Alimheshimu sana mama mkwe wake. Pia alimwogopa. Miaka kumi na saba iliyopita, alipokwenda kujitambulisha, alijitolea kupalilia shamba ili aonekane mtu wa kazi. Aling'oa mistari mitatu ya karoti na kuacha magugu yamesimama. Mama mkwe alizitazama karoti, kisha akamtazama yeye. Kamande hakuwahi kuyasahau macho yale.

"Kamande," mama mkwe aliuliza kwenye simu, "huko kwako umepanda nini?"

Kamande alitazama nje dirishani. Akakiona kile kiti.

"Mama," alijibu, "ukija Aprili utakuta maua ambayo hujawahi kuyaona tangu uzaliwe."

Serah alimtumbulia macho. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Kesho yake, baada ya zamu, Kamande alikwenda katika duka la vifaa vya bustani. Hakumwambia mtu. Alitaka kumshangaza mkewe. Humo dukani aliona sanduku lenye picha ya ua la ajabu. Shina lake lilikuwa refu. Maua ya rangi ya chungwa yaliinama kama kengele, na juu yake majani yalisimama wima kama taji la mfalme. Chini ya picha paliandikwa jina: fritilaria.

"Hili ndilo lenyewe," Kamande alisema moyoni.

Alichukua vitunguu vya maua kumi, yaani vile vinavyofanana na vitunguu vya kupikia lakini hupandwa vikaota maua. Alivichukua haraka haraka, kama mtu anayenunua viazi mvua ikianza kunyesha. Hakuvibonyeza. Hakuvichagua. Kisha akaongeza mfuko wa vitunguu vidogo vidogo. Hivyo vilikuwa na picha ya ua la zambarau lenye miraba kama ubao wa drafti. Maelezo ya kupanda yalikuwa nyuma ya mfuko. Kamande hakugeuza mfuko.

Nyumbani alivificha vyote katika kabati la jikoni, karibu na tangi la maji moto. "Hapa havitapata baridi," alisema. Alijiona mtaalamu.

Siku ya pili, Serah alisimama katikati ya jikoni akanusa.

"Baba Shiku, kuna nini humu ndani?"

"Kuna nini?" aliuliza Kamande. Wiki hiyo alikuwa na mafua makali. Pua yake ilikuwa imeziba kabisa.

"Kuna harufu. Kama mbweha aliyenyeshewa."

"Mimi sisikii kitu."

Serah alishusha macho polepole hadi kwenye viatu vya mumewe.

Kamande aliosha viatu. Harufu haikuondoka. Akaosha soksi zote, hata zilizokuwa safi. Harufu ikazidi. Shiku alikataa kula jikoni. Alichukua sahani yake akaenda kukaa kwenye ngazi, na baba yake alipomuuliza kwa Kiswahili kwa nini anakula huko, alijibu kwa Kiingereza kwamba yeye bado anapenda kuishi. Serah alimwaga dawa ya kusafishia katika kila bomba la maji machafu. Alivuta friji akatazama nyuma yake. Alipanda juu ya kiti akanusa dari.

"Ni mbweha, hawa wanaozurura mtaani usiku," aliamua. "Ameingia chini ya sakafu akafa."

Kamande aliunga mkono. Afadhali lawama imwangukie mbweha.

Jumamosi walikuja wageni, wenzao wa ibada ya nyumbani. Aliyeongoza alikuwa Mzee Method, Mtanzania mwenye sauti nzito. Maombi yake yalijulikana kwa urefu. Kwa kawaida alianza na mataifa yote, kisha akashuka nchi moja moja. Siku hiyo alivuta pumzi ya kuanzia, akafumbua jicho moja.

"Bwana, unajua haja zetu. Amina," alisema, akakimbilia dirishani.

Serah aliona aibu hadi machozi yakamlengalenga. Alikwenda jikoni kupika ili harufu ya chakula ifunike ile nyingine. Kamande alimfuata kumsaidia. Vitunguu vya kupikia vilikuwa vimekwisha. Serah akafungua kabati moja, akafungua la pili, akafika lile la karibu na tangi, ambalo hakulifungua mara kwa mara. Harufu ilikuwa imejaa jikoni kote, asijue inatoka wapi.

"Kumbe ulinunua vitunguu," alisema. Akatoa kimoja kikubwa kama ngumi, akashika kisu.

"Ngoja!" Kamande alisema. "Hivyo ni..."

Alitaka kusema ni zawadi, lakini chafya ilimshika. Alipiga chafya ya kwanza. Akapiga ya pili. Kisu kilikuwa tayari juu ya kitunguu. Wakati huohuo mlango wa nyuma ulifunguliwa. Alikuwa jirani yao Jaya, mpenda bustani, amekuja kurudisha bakuli la Serah. Jaya alizaliwa na kukulia Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chepesi na cha haraka.

"Serah, weka kisu chini!" alipiga kelele. "Hicho hakiliwi!"

Serah aliganda. Jaya alimnyang'anya kitunguu, akakinusa, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Siku tano nasikia harufu hii ukutani kwangu," alisema. "Nimeosha mapazia yote. Kumbe ni fritilaria! Nani ameleta fritilaria jikoni?"

Wote wawili walimgeukia Kamande. Yeye alikuwa anapangusa pua.

"Nilitaka kukushangaza," alimwambia mkewe.

"Umefaulu," alisema Serah. "Nusura utushangaze na wageni pia, hospitalini."

Jaya aliacha kucheka. "Hilo si la mchezo. Vitunguu vya maua kama hivi vina sumu. Msiviweke kamwe pamoja na vya kula. Viwekwe nje ya jikoni, mahali pakavu penye baridi na hewa, kama kibanda cha bustani, mbali na watoto. Na viandikwe jina."

"Lakini kwa nini vinanuka hivi?" aliuliza Serah.

"Hiki kikubwa ndiyo tabia yake. Hata kikiwa kizima kinanuka kama mbweha. Si ugonjwa. Kipandeni udongoni, na jikoni mtapumua. Bwana Kamande, leta vyote nje tuvitazame."

Walitoka bustanini. Hata Mzee Method alitoka, kwa sababu nje palikuwa na hewa. Jaya alivaa glavu akampa Kamande jozi nyingine. "Vinaweza kuwasha ngozi," alieleza. "Na ukimaliza, nawa mikono. Sasa bonyeza kwa kidole gumba. Kitunguu kizuri ni kigumu kama kiazi kipya. Ni kizito mkononi. Hakina ukungu."

Kamande alibonyeza cha kwanza. Kilikuwa kigumu. Alibonyeza cha pili. Kidole kikazama mpaka kwenye kucha.

"Hicho tupa," alisema Jaya.

Kati ya kumi, vitatu vilikuwa vimeoza. Kamande alijilaumu. Angevibonyeza dukani, angerudi na kumi vizima.

"Na hivi vidogo?" aliuliza.

Jaya alimimina mfuko kiganjani akatikisa kichwa. "Hivi havipendi kukauka. Umeviweka kwenye joto, vimeanza kusinyaa. Vidogo vikinunuliwa leo, vipandwe leo au kesho. Umepanga kuvipanda wapi?"

"Vyote pale." Kamande alionyesha pembe ya chini, ambapo maji ya mvua hutuama. "Pana unyevu mzuri."

"Vidogo, sawa. Vinapenda udongo wenye unyevu. Lakini hivi vikubwa ukiviweka pale vitaoza kabla ya Krismasi. Vinataka jua na udongo usiotuamisha maji. Vipandwe kando ya ukuta ule."

Kamande alichukua jembe. Alichimba kidogo, akashika kiuno. "Inatosha?"

"Hilo ni kaburi la kijiko," alisema Jaya. "Weka mkono wako shimoni. Kuanzia kiwiko mpaka kifundo cha mkono, ndicho kina chake. Na kati ya shimo na shimo, acha kiasi hichohicho."

Kamande alichimba. Jasho lilimtoka na mafua yakapungua. Mzee Method alivua koti akamsaidia shimo la tatu. Jaya alimwaga changarawe kidogo chini ya kila shimo ili maji yapite.

"Sasa tazama," alisema, akainua kitunguu. "Juu kina tundu, unaliona? Ukikisimamisha, maji yataingia humo na kukiozesha. Kilaze ubavu."

"Kikilala, shina litajuaje njia ya kwenda juu?"

"Litajua. Halihitaji dereva."

Vile vidogo walivipanda katika ile pembe ya chini, kwa kina cha kidole kirefu, wakavichanganya na mboji. Serah alileta chai. Ndani ya nyumba, kwa mara ya kwanza wiki nzima, Shiku alikula mezani.

Sasa ikabaki kazi ngumu kuliko kuchimba: kungoja. Oktoba ilipita. Novemba ikapita. Udongo ulikuwa mtupu. Kila Jumapili mama mkwe aliuliza, "Maua yanaendeleaje?" Kila Jumapili Kamande alijibu, "Yanaendelea, Mama," huku akitazama tope.

Januari uvumilivu ulimwishia. Alichukua mwiko wa bustani, akapiga magoti, akaanza kufukua.

"Bwana Kamande!" Uso wa Jaya ulitokea juu ya uzio wa mbao. "Unafanya nini?"

"Naangalia tu kama kiko hai."

"Ukikata mzizi hakitakuwa hai. Kinahitaji baridi hii ili kichanue. Rudisha udongo."

Alirudisha. Mwishoni mwa Februari, asubuhi moja kabla ya zamu, aliona kitu cha kijani kimechomoza kando ya ukuta. Kilikuwa kinene kama kidole gumba. Alimwita Serah kwa sauti kubwa, na Serah akatoka mbio na mswaki mdomoni akidhani mumewe ameanguka. Walisimama pale wote wawili, wanatetemeka kwa baridi, wanatazama kidole kimoja cha kijani.

Machi mashina yalirefuka. Ndipo wakaja wadudu wekundu, wanaong'aa kama rangi ya kucha. Majani yakaanza kuwa na matundu. Kamande alimkimbilia Jaya.

"Waokote kwa mkono," Jaya alisema. "Lakini kinga kiganja chini kwanza. Ukimgusa, anajiangusha chali udongoni, tumbo lake jeusi juu, na humwoni tena. Tazama chini ya majani pia. Wanataga huko."

Tangu siku hiyo abiria wa basi la asubuhi waliona dereva wao ana tope magotini.

Mama mkwe alifika wiki ya pili ya Aprili. Hakukaa. Hakunywa chai. Alivua koti, akasema, "Nionyesheni hiyo bustani."

Vitunguu saba walivyopanda vyote vilikuwa vimeota. Vitano vilichanua, vimesimama kando ya ukuta na mataji yao, kengele za chungwa zimeinama. Viwili vilitoa majani tu. Katika pembe ya chini, maua madogo ya miraba yalicheza na upepo, ishirini au zaidi. Mama mkwe alizunguka polepole, mikono nyuma. Alinusa.

"Hapa kuna mnyama," alisema.

"Hapana, Mama. Ni ua lenyewe," Kamande alijibu. Kisha akaongeza haraka, "Na hivi viwili havijachanua. Jirani anasema vingine hupumzika mwaka mmoja."

Mama mkwe alichuchumaa mbele ya ua la drafti. Alilishika chini ya kidevu, kama anavyoshikwa mtoto, akaliinua atazame ndani.

"Nani alichora hii miraba?" aliuliza.

"Hakuna aliyechora, Mama. Yanaota hivyo."

"Yakikauka unafanya nini?"

"Nakata ua lililokauka. Majani nayaacha mpaka yawe manjano yenyewe. Yanakirudishia kitunguu chakula cha mwaka ujao."

Mama mkwe alimtazama. Kamande alijiandaa kwa yale macho. Lakini mama mkwe aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akawapigia wanawake wa kikundi chake cha kilimo huko Nyeri. Nyuso nane zilisongamana kwenye kioo kidogo. Alimsukuma Kamande mbele.

"Huyu ni mkwe wangu," aliwaambia. "Atawaeleza."

Kamande alieleza kila kitu: kubonyeza, kulaza ubavu, kina cha mkono, changarawe, wadudu wekundu. Alipomaliza, mwanamke mmoja aliuliza kutoka Nyeri:

"Nyaguthii, na maua hayo yana kazi gani?"

Mama mkwe, ambaye maisha yake yote hakupanda kitu kisicho na kazi, aligeuza simu ili waione bustani nzima.

"Hayana kazi," alisema. "Nyamazeni muangalie."