Nafasi Niliyoiacha Wazi

Kila Jumamosi, tukimaliza kufua, mama hubandika maharage nami huketi jikoni na kazi za shule. Hapa Masumbwe mtaa mzima unamwita Mama Limi, na Limi ni mimi. Jumamosi ile Mwalimu Donatus alikuwa ametuagiza tuchore mti wa ukoo. Mama alinitajia babu na bibi, lakini tarehe zao hakuzikumbuka. Aliniambia niziache. Mimi kwa ubishi wangu nikaenda kuziuliza parokiani.

Katekista Cornel alinifungulia daftari la ubatizo. Nikaanza na jina langu, kwa kujidai tu. Mama mzazi: Ghati, marehemu. Baba mzazi: Amosi, marehemu. Jina la mama yangu, Martina, lilikuwa chini, kwenye mlezi.

Nilidhani nitalia, sikulia. Nilimshukuru katekista, nikarudi jikoni nikachochea moto. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Nikajaza majina yote kwenye karatasi, ila nafasi ya mama nikaiacha wazi. Sikujua tena kama hapa ni kwetu.

Mama alipoiona nafasi ile, nikamuuliza Ghati ni nani. Alikaa chini polepole. Akanieleza kwamba Ghati alitoka Tarime, akawa jirani yake huko machimboni. Mumewe alifukiwa kwenye duara, shimo walilokuwa wakichimba dhahabu, na yeye akafariki wiki moja baada ya kunizaa. Nilimsikiliza kama anayesimulia habari za mtoto mwingine.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Niliogopa ungeacha kuniita mama."

Alichukua penseli akaandika Ghati kwenye ile nafasi, kisha akanirudishia penseli bila kuandika jina lake.

"Nimekukosea, mwanangu," alisema. "Ukweli huu ulipaswa kuusikia kwangu, si kuukuta kwenye daftari. Ukiwa mkubwa, usimfiche mtu jambo lililo lake, hata kama unampenda. Na mimi kabla yako niliitwa Martina tu. Hili la Mama Limi nimelipata kwako."

Niliivuta karatasi. Bado sikuhisi kitu, lakini mkono uliandika Martina kando ya Ghati, kwa herufi zenye ukubwa uleule. Mama alikuwa akinitazama, hathubutu kuuliza. Ndipo nikasikia harufu kutoka kwenye sufuria.

"Mama," nikamwambia, "maharage yanaungua."