Herufi Ndani ya Kisanduku

Kitu cha kwanza Sumeiya alichokiona ni kisanduku kitupu, kimesimama peke yake kwenye kompyuta, juu ya maandishi ya Kiingereza ya bango. Kila siku akitoka shule alimngojea mama yake, Sheikha, katika duka la kuchapisha mabango mtaani Naif, ughaibuni. Aliruhusiwa kusoma kazi kwenye kompyuta, mradi asiguse kitu.

"Takataka tu hii," alijiambia. Akakifuta.

Mama akachapisha. Baada ya Asri mwenye bango, Bwana Maharjan wa Nepal, alikuja kulichukua. Jioni hiyo alikuwa anasafiri kwao, kwenye sherehe ya kumheshimu mama yake mzee. Alilitazama bango juu hadi chini.

"Herufi yetu iko wapi?" aliuliza. "Ile ya Newa, maandishi ya wazee wetu. Ndiyo inayofungua dua."

Ami Mahfudh, mwenye duka, alimgeukia mama. "Sheikha, juzi umekosea rangi, leo umepoteza herufi. Ni sawa na kumfutia mtu Bismillahi kwenye kadi ya harusi. Mimi na wewe tutafika kweli?"

"Wallahi sikuiona, kaka Mahfudh."

Sumeiya alirudi nyuma hatua moja. Viza ya mama ilitolewa kupitia duka hili. Akifukuzwa kazi, khalas, yamekwisha, watarudi Mombasa. Alitazama mlango wa choo. Angeweza kuingia akajifungia. Lakini mama alikuwa amesimama kichwa chini, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Ni mimi," alisema Sumeiya. "Niliona kisanduku kitupu, nikakifuta. Mama hakukiona kabisa."

Bwana Maharjan aliliweka bango mezani.

"Kisanduku?" Bwana Maharjan akaanza kucheka. "Hata simu yangu ya zamani ilifanya hivyo. Herufi ilikuwemo, binti. Kompyuta yenu haina fonti yake, yaani umbo la kuiandikia, basi inachora kisanduku."

Akawatumia fonti kutoka kwenye simu yake. Mama aliiweka, akafungua upya ujumbe wa bango alioutuma mteja, na pale palipokuwa na kisanduku ikatokea herufi nene yenye mikunjo. Bango la pili likachapishwa, na Bwana Maharjan akaondoka nalo mbiombio.

"Usichokijua usikiite takataka, uliza," Ami Mahfudh alimwambia Sumeiya. "Ila umefanya vyema kusema. Ungenyamaza, yule angesafiri bila herufi yake, nami ningemwadhibu asiye na kosa. Sheikha, niwie radhi. Yalla, nendeni nyumbani."

Njiani kuelekea nyumbani Al Nahda mama alimshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Bado unaogopa? Si yamekwisha, mwanangu?"

Sumeiya aliukaza mkono wa mama.

"Mimi huogopa kila siku, mama. Simu yako ikilia tu, nadhani wanakufukuza."