Jasho la Chupa

Kila jioni baada ya shule, Mulki aliketi kwenye ngazi za nyumba yao, mtaani Nyanchwa mjini Kisii, akifanya kazi ya ziada huku akimsubiri baba yake. Mzee Ahmednoor alikuwa na duka la vitambaa katikati ya mji. Alipogunduliwa kuwa na kisukari, Bi. Jacinta, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kliniki yao, alimwagiza aache boda boda na arudi nyumbani kwa miguu.

Mulki ndiye aliyetunza kumbukumbu. Kila baba alipofika akihema, paji la uso likiwa limelowa, alitia alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani. Sasa zilikuwa alama arobaini na moja. Kila alama ilimpa tumaini, kwani hakuwa amesahau mguu wa Shangazi Kaltuma, uliokatwa chini ya goti baada ya kidonda kidogo tu kukataa kupona kwa sababu ya kisukari.

Alhamisi moja mama alimtuma kununua maziwa. Alipofika kwenye kona ya kinu cha kusagia mahindi, hatua chache kutoka nyumbani, aliona pikipiki ikisimama. Baba alishuka, akatoa chupa ya maji mfukoni, akajimiminia kiganjani na kujipaka usoni na shingoni.

"Bosi, jipake na mgongoni," Ogari, mwendeshaji wa pikipiki hiyo, alimtania. "Leo jua lilikuwa kali."

"Nyamaza, Ogari. Kesho saa ile ile."

"Baba!"

Wote wawili waligeuka. Mulki alikuwa amesimama nyuma yao.

"Aa-aa! Mambo ya nyumbani simo mimi," Ogari alisema, akawasha pikipiki na kuteremka mbio.

"Alama arobaini na moja!" Mulki alifoka. "Umenifanya niandike uongo ukutani mara arobaini na moja!"

"Punguza sauti. Watu wanatutazama."

"Watutazame!"

Baba alifuta maji usoni. "Nilitembea siku ya kwanza, Mulki. Wenye maduka walitoka milangoni kunicheka. 'Ahmednoor, siku hizi ni miguu? Biashara imelala?' Mteja mmoja aliniuliza kama ninauza duka. Ningeweka wapi uso wangu?"

"Na shangazi akiulizwa mguu wake uko wapi, huweka wapi wake?"

Mulki hakuwa amewahi kumsemesha baba yake hivyo tangu azaliwe, lakini hasira ilikuwa imempanda na haikutaka kushuka. "Jumamosi utakimbia," alisema. "Nitakuwa nyuma yako."

Kwa aibu, baba alikubali.

Jumamosi asubuhi walishika barabara ya Kiogoro. Baba alivaa viatu vyake vya ngozi vya dukani, bila soksi. Mulki alijua vizuri kwamba shuleni hakuna aliyeruhusiwa kukimbia kabla ya kupasha misuli moto. Alijua, lakini hakujali. Alipuliza filimbi ya timu yao ya mpira.

"Kimbia!"

"Mulki, pumzi..."

"Pumzi ya kunidanganya ulikuwa nayo! Kimbia!"

Walipoanza kupanda mwinuko, baba alipiga yowe. Alishika shavu la mguu wa kulia, ambalo misuli yake ilikuwa imekaza, akaketi kwenye nyasi kando ya barabara. Mulki alipomvua kiatu, aliona kisigino: lengelenge lilikuwa limepasuka, na nyama nyekundu ilionekana.

Kilikuwa kidonda kidogo tu. Hata cha shangazi kilianza hivyo.

Filimbi ilimponyoka mkononi.

Kule kliniki, Bi. Jacinta alikisafisha kidonda na kukifunga. Kisha alivua glavu. "Nani aliyemkimbiza mtu huyu?"

"Ni mimi," Mulki alinong'ona. "Alitudanganya."

"Ni kweli," baba alisema. "Nilitembea siku moja tu. Nyingine zote nilipanda pikipiki."

"Basi leo mmenikasirisha nyote wawili," Bi. Jacinta alisema. "Mzee Ahmednoor, sukari haisomi kalenda. Hushuka misuli inapofanya kazi, na maji ya chupa hayajawahi kufanya kazi hiyo. Unaogopa kuchekwa na watu ambao hawatakubeba siku utakayoshindwa kusimama!"

Baba aliinamisha kichwa.

"Nawe, Mulki, hasira yako ilikuwa na sababu, lakini umeitumia kama kiboko. Mwili hauponi kwa kuadhibiwa. Ulitaka kuuokoa mguu wa baba yako, ukaanza kwa kuuumiza. Mguu upone kwanza. Kisha apashe misuli moto, avae raba na soksi, na atembee dakika kumi mahali tambarare. Kila wiki aongeze kidogo. Kila jioni akague nyayo zake. Mwendo unaofaa ni ule unaomruhusu kuzungumza, lakini haumruhusu kuimba."

Kidonda kilichukua wiki tatu kukauka. Mulki alikikagua kila siku, na kila siku aliogopa.

Siku ya kwanza ya kutembea tena, alimfuata baba dukani. Baba alinyanyua visigino mara kumi pale mlangoni ili kupasha misuli moto, mbele ya watu wote.

"Ahmednoor, biashara imelala?" jirani alimpigia kelele.

"Biashara iko macho," baba alijibu. "Aliyelala ni mimi."

Walitembea dakika kumi. Chini ya kilima Ogari aliwapigia honi. "Bosi, panda!"

"Nipeleke kutoka hapa, Ogari. Lakini wiki ijayo utaningoja juu zaidi."

Miezi miwili baadaye Ogari hakuwa na mtu wa kungoja. Vipimo vya kliniki vilionyesha kwamba sukari ya baba ilikuwa imeshuka. Jioni hiyo, katikati ya mwinuko wa Nyanchwa, Mulki alisema, "Hebu imba, Baba."

Baba alijaribu. Pumzi ilimkatika kwenye neno la pili, akacheka.

"Basi mwendo ni huu huu," Mulki alisema.

Nyumbani alimpa baba kalamu. Baba alitia alama kwa mkono wake mwenyewe, kisha akasema, "Jasho hili ni langu, mwanangu. Ukweli wa kila siku, hata ukiwa mdogo, ndio unaomjenga mtu."